Anti, simu mpya inanikosesha usingizi na mume wangu anasema simu ni simu tu

Shikamoo Anti,

Natumai hujambo wewe na wote wa nyumbani. Nimeamua kukuandikia maana kuna jambo linanikosesha usingizi na hapa ndani kila nikiligusa tunaishia kununiana. Mi ni fundi cherehani, nashona na kuuza mtandaoni, yaani kazi yangu yote inapita kwenye simu, mteja ananiona kwa simu, vipimo anatuma kwa simu, hela inaingia kwa simu, nikimaliza gauni nalichukua video narusha, na siku zingine naenda laivu kabisa wateja wanauliza maswali papo hapo. Kwahiyo simu kwangu sio pambo.

Ila nisikufiche, ukiacha kazi mi haya mavitu nayapenda tu. Kampuni kubwa zikizindua simu naangalia mwanzo mpaka mwisho, najua kamera ya hii ina nini na chipu ya ile ina nini, nikiona simu inayokunjwa katikati moyo unaenda mbio. Sasa mtandao ninaoutumia wameleta ofa, unachukua simu mpya ya 5G unalipa kidogo kidogo kwa miezi 24, na ndani yake kuna bando la intaneti wanasema halina kikomo. Simu yenyewe ina kamera ya megapikseli 200, inajaa chaji haraka, nimeishika dukani Anti sikutaka kuirudisha. Halafu wanasema laini itakuwa eSIM, ile isiyo na kadi ya kuchomeka, na hapo ndo naogopa maana laini yangu ndo benki yangu. Na ukiongeza hela kidogo unapewa na saa ya mkononi inayoonyesha meseji na mapigo ya moyo.

Mume wangu ni mtu mzuri, simsemi vibaya, ila kwenye hili hatuelewani kabisa. Anasema simu ni simu tu, niliyonayo inapiga inapokea, nataka nini tena, na kwamba makampuni yanatuchezea akili kila mwaka. Kweli simu yangu bado inafanya kazi, ila betri inaisha mchana, imejaa mpaka inagoma kupokea picha, na nikienda laivu picha inaganda wateja wanaondoka. Hela ya kununua simu taslimu ninayo, ni akiba yangu mwenyewe, ila nikiitoa yote nabaki sina kitu cha dharura. Nikichukua ofa akiba inabaki lakini nafungwa miaka miwili. Ya zamani nataka nimpe mama.

Nambie ukweli Anti, huu ni ugonjwa? Nichukue ofa, ninunue taslimu au nisubiri toleo lijalo? Na hii eSIM ni salama?

Ni mimi,
Fundi mpenda simu

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hiyo minuno.

Nianze na linalokuuma zaidi: huo sio ugonjwa. Fundi akisisimka kwa kuona cherehani mpya hakuna anayemshangaa, na wewe unaishi kwa cherehani na simu, vyote viwili. Na hilo la simu ni simu tu, kwa heshima zote za shemeji, nalikataa. Simu ya mkononi ya Motorola DynaTAC ilipoingia sokoni mwaka 1983 ulikuwa unaongea nayo kama nusu saa hivi halafu inakaa kwenye chaji kama masaa 10, na haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuongea. Meseji ya kwanza ya maandishi ilitumwa Desemba 3, 1992, na ilitumwa kutoka kwenye kompyuta. Leo wewe unasimama na gauni mbele ya kamera watu walioko mbali wanakuona wakati huohuo wanauliza kama kitambaa kinavutika. Hapo katikati kuna watu wamefanya kazi kubwa sana, mi mwenyewe nikisoma habari zake nasisimka, kwahiyo usione haya hata kidogo.

Ila nimeirudia barua yako na kuna kitu nimekiona. Simu umenielezea mpaka nimeiona kwa macho, kamera, chaji, saa, lakini mtandao umeugusa kwa maneno machache tu, kwamba ukienda laivu picha inaganda. Mdogo wangu, hapo ndo penye shida yako. Ukinunua simu ya 5G umenunua nusu, nusu ya pili iko kwenye mnara, na hiyo hukuonyeshwa dukani, maana dukani ulishika simu, hukushika mtandao wa pale unapofanyia kazi.

Matangazo yote ya 5G yanaongelea kupakua, eti filamu nzima inashuka kwa sekunde. Wewe kazi yako ni kupakia, unatuma video na unaenda laivu, unapeleka sio kuleta, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mnara una nguvu nyingi za kukutumia wewe, lakini simu yako inapojibu inatumia nguvu ndogo sana, kawaida mwisho wake ni kama wati 0.2, na mitandao mingi ya 5G inagawa muda wa hewani kiasi kwamba sehemu kubwa inaenda kwenye kupakua. Ndo maana unaweza kukuta mtu kasi ya kupakua inasoma Mbps 300 (megabiti kwa sekunde) na ya kupakia haifiki hata 20, na ndani ya chumba chenye kuta nene inashuka zaidi ya hapo. Masafa, yaani mawimbi ya redio, yanayotumika sana kwa 5G, yale ya kuzunguka GHz 3.5, yanabeba data nyingi ila hayapendi kuta. Yale ya chini, mfano MHz 700, yanapenya na yanafika mbali lakini spidi yake haijapishana sana na 4G nzuri. Zote hizo simu inakuandikia 5G pale juu, herufi ni ileile. Na sehemu nyingi hiyo 5G yenyewe bado inaegemea 4G kwa nyuma, kwahiyo mahali ambapo 4G ni dhaifu usitegemee miujiza.

Kwahiyo kabla ya kuamua chochote fanya hivi. Tafuta rafiki au ndugu mwenye simu ya 5G na yuko mtandao huohuo wa ofa, mwombe aje mpaka unapofanyia laivu, saa ileile unayofanyia laivu, sio asubuhi mapema watu wamelala, mfungue apu ya kupima spidi na muangalie namba ya kupakia, ile ya kupakua iacheni. Laivu ya 720p (picha ya ubora wa kati) inataka kama Mbps 3 mpaka 4 zinazopanda bila kuyumba, ukitaka 1080p, ile kali zaidi, andaa kama 10. Pimeni tena na tena, sogeeni dirishani, rudini ndani. Halafu chukua simu yako ya sasa iunganishe kwenye Wi-Fi nzuri uende laivu ya majaribio. Ikiganda hata kwenye Wi-Fi nzuri basi simu imechoka kweli, memori imejaa, inachemka, inajipunguza spidi yenyewe. Isipoganda, ujue simu mpya peke yake haitakutibu na mume wako alikuwa na hoja ingawa hakuisema vizuri.

Sasa twende kwenye hiyo ofa. Mi miezi 24 hainitishi, kinachonitisha ni hilo neno bila kikomo. Mara nyingi kikomo kipo, kimeandikwa kwa herufi ndogo kama matumizi ya haki, ukifika kiasi fulani spidi inashushwa mpaka mwezi uishe. Uliza inashushwa mpaka ngapi, usikubali kuambiwa inapungua kidogo, taka namba. Ikishushwa mpaka Kbps 128 kwa mfano, yaani kama sehemu ya nane tu ya Mbps 1, video yako ya megabaiti 100 itachukua kama saa 1 na dakika 44 kupanda, wakati kwa Mbps 20 ni sekunde 40. Umeona tofauti? Video chache tu kama hizo na siku nzima ya biashara imeisha. (Na wakikutajia spidi kumbuka Mbps ni megabiti, ukitaka kujua megabaiti ngapi zinapita kwa sekunde gawa kwa 8, watu wengi wanachanganywa hapo.) Uliza pia kama kurushia kompyuta intaneti kunahesabiwa pembeni, maana kuna bando zinaruhusu kila kitu kwenye simu ila hotspoti wameiwekea kikomo chake.

Halafu chukua karatasi, zidisha malipo ya mwezi mara 24, ongeza cha kwanza unachotoa, kisha linganisha na bei ya simu hiyohiyo taslimu pamoja na bando ambalo ungenunua mwenyewe. Wakati mwingine ofa inashinda, sikatai, ila mara nyingi simu za kulipia kidogo kidogo zinakuja zimefungwa kwenye mtandao mmoja, na zingine zinazimwa kwa mbali ukichelewa kulipa. Kwa mtu mwingine ni usumbufu, kwako wewe ni duka limefungwa, mwezi ambao wateja hawajalipa ndo mwezi utakaohitaji simu kuliko yote. Kwahiyo swali langu kwao lingekuwa, nikichelewa wiki moja simu yangu inakuwaje, na nikitaka kuhama mtandao inafunguliwa lini, na majibu yawe kwenye mkataba, maneno ya mdomo ya muuzaji hata kama ni mkarimu hayatakusaidia baadaye.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekwambia nunua taslimu ila shuka ngazi moja. Usitoe akiba yote kwa ajili ya ile ya juu kabisa, chukua iliyotoka mwaka mmoja nyuma au ile ya kati ya kampuni inayojulikana kwa kuleta masasisho (maboresho ya programu na usalama wa simu) muda mrefu, ili hela ya dharura ibaki. Kitu cha kuangalia kuliko megapikseli ni hicho cha masasisho. Google walipoleta Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka 7, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024 nao wakasema 7. Ila angalia, hiyo miaka inahesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni, sio tangu siku uliyonunua wewe, na simu nyingi za bei ya chini haziahidi hata nusu ya hiyo. Ukiwa unapokea hela kwa simu, simu isiyopata masasisho ya usalama ni mlango wazi. Na betri vilevile, Umoja wa Ulaya toka Juni 20, 2025 wanataka simu zinazouzwa kwao zihimili mizunguko 800 ya chaji (mzunguko mmoja ni betri kutumika yote na kujazwa tena) zikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo, hata kama huishi huko tumia hicho kama kipimo, uliza mizunguko mingapi.

Hizo megapikseli 200 zisikutoe roho. Zipo kweli, Galaxy S23 Ultra ya 2023 ilikuja nazo, ila kamera za namna hiyo kwa kawaida zinaunganisha nukta 16 zinakuwa moja, picha inayotoka ni ya kama megapikseli 12, na inafanya hivyo ili ipate mwanga. Rangi ya kitambaa ikitoka tofauti na ilivyo mteja atakurudishia gauni, na hapo dawa ni mwanga mzuri wa dirisha au taa nyeupe, kamera yoyote nzuri ya leo itakutosha. Picha ya 200 kamili itakuongezea tu uzito wa kutuma.

Simu ya kukunja najua unaitamani, na mimi naipenda, ila Galaxy Fold ya kwanza mwaka 2019 ilibidi iahirishwe kwa miezi kadhaa kwasababu skrini za waliopewa kuijaribu zilianza kuharibika. Za sasa zimeboreshwa sana lakini bado kioo cha ndani ni laini na kukitengeneza ni ghali, na wewe unafanya kazi kwenye pini, sindano na vumbi la nyuzi. Hapana, sio kwenye meza ya cherehani.

Kuhusu kusubiri toleo lijalo, angalia kalenda tu. Miaka mingi sasa Apple wanatoa iPhone kubwa mwezi wa 9 na Samsung wanatoa Galaxy S mwanzoni mwa mwaka, na jipya likitoka la nyuma yake huwa linashuka bei. Kama zimebaki wiki chache subiri. Kama bado miezi, usisubiri, utafanya kazi na simu inayokufukuzia wateja kwa ajili ya kitu ambacho hakijatoka. Na simu yoyote utakayoichagua hakikisha masafa yake yanaendana na ya mtandao wako, na kwamba mtandao wako unaitambua kwa kupiga simu juu ya 4G, hii ya VoLTE. Simu iliyotoka nchi nyingine inaweza kuwa nzuri sana ila ukipiga inaangukia 3G au 2G, na mitandao mingine duniani imeshaanza kuzizima hizo, AT&T ya Marekani ilizima 3G Februari 2022.

Sasa eSIM, usiogope. Ni laini ileile, tofauti kadi imehamia ndani ya simu kwa kudumu na namba yako inapakiwa kama programu. iPhone 14 za Marekani toka 2022 hazina hata tundu la kadi. Kwa mtu kama wewe ina faida ya kweli, mwizi akichukua simu hawezi kuchomoa laini akaiweka kwenye simu nyingine apokee namba za siri za benki. Ubaya wake ni kwamba simu ikizima ghafla na wewe huwezi kuchomoa laini ukaazima simu ya jirani, inabidi mtandao wakuhamishie, kwahiyo uliza mapema kuhamisha kunafanyika kwenye apu au lazima uende ofisini. Ile QR unayopewa, picha ya vimiraba unayoiskani ili laini iingie kwenye simu, nyingi zinasoma mara moja tu, usiifute laini kwenye simu ukidhani utaiskani tena. Na usihamishe siku una malipo mengi yanayoingia. Halafu kubwa kuliko yote, akipiga mtu anasema ni wa mtandao anaomba namba iliyoingia kwenye meseji ili akamilishe eSIM yako, kata simu. Hivyo ndivyo wanavyoiba laini.

Kwa shemeji usiende na kamera wala usiende na kukunjwa, nenda na vile vipimo. Mwonyeshe laivu inavyoganda, mwonyeshe namba za kupakia, mwonyeshe hesabu ya miezi 24 pembeni ya taslimu, na akiba itakayobaki. Mwache aulize. Na kama vipimo vitaonyesha simu ni nzima na tatizo ni betri na memori, kubali mbadilishe betri kwanza kwa fundi wa kuaminika na msafishe simu, wewe utakuwa umeokoa hela na yeye ataona huongozwi na hamu peke yake. Ila vikionyesha simu imechoka, basi nunua, tena nunua kwa furaha, fungua boksi mbele ya watoto.

Saa ya mkononi iache kwanza mpaka ujue unachukua simu gani, kwasababu Apple Watch haifanyi kazi na Android, na Galaxy Watch toka ile ya 4 haikubali iPhone, usije ukalipia kitu kisichoongea na simu yako. Na ya mama, usiifute siku unayonunua mpya. Kaa nazo zote mbili mpaka meseji za WhatsApp, picha na apu za benki zote zimehamia na umeziona zinafunguka, ndo uingie kwenye mipangilio utoe akaunti yako ya Google au ya Apple, kisha ndo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Ukifuta bila kutoa akaunti simu inaweza kumuuliza mama nenosiri lako akiiwasha na asiweze kuitumia mpaka uende mwenyewe.